Tusimlaumu Bata Mzinga



Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukikaribia kwisha, ndugu zetu waliohamia Marekani hutuletea habari za sikukuu moja ya huko. Yaitwa Thanksgiving, maana yake siku ya kutoa shukrani, nayo huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Kazi hufungwa, jamaa hukusanyika, na mezani huwekwa ndege mkubwa aliyeokwa mzima: bata mzinga. Wakongo wengi wamepokelewa katika nchi ile tangu miaka ya 2010, hata katika miji kadhaa ya huko waweza kusikia Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira njiani. Basi si ajabu kwamba maneno ya ndege huyu yamefika mpaka barazani petu.

Lakini habari zenyewe hazitupendezi. Hebu sikieni.

Jamaa moja tunayoijua, baba na mama na watoto watano, ilipewa zawadi ya bata mzinga wa ratili 15, ndio karibu kilo 7. Alikuwa mgumu kama jiwe kwa sababu ya barafu. Mama akamhifadhi penye barafu mpaka siku yenyewe. Saa mbili za asubuhi ya sikukuu akamtia katika furu, akawasha moto mkali kabisa kusudi aive upesi. Saa sita za mchana ngozi ilikuwa nyeusi kama makala. Lakini kisu kilipoingia pajani, damu ikatoka, na ndani ya tumbo barafu ilikuwa haijaisha. Wageni wakaangaliana. Baba akasema kwa sauti kubwa: «Ndege huyu ni wa Wazungu. Hana ladha wala faida. Mtupeni!» Kilo 7 za nyama zikaingia pipani, na mama akalia jikoni peke yake.

Siyo hayo tu. Jamaa nyingine, kwa kuogopa aibu ya namna hiyo, ilinunua ndege wawili wakubwa waliookwa tayari, kwa deni, wageni wasije wakasema. Sikukuu ikapita, deni likabaki. Mwezi wa Desemba karo ya mdogo wao aliye huku nyumbani haikutumwa. «Sikukuu imetumaliza,» waliandika. Mtoto yule alirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya mapaja ya ndege ambaye hakumwona hata unyoya wake.

Sisi twasema wazi: kosa si la ndege. Kosa ni la maneno yanayomzunguka ndege. Wako wasemao kwamba ni chakula cha kigeni kisichotufaa. Wengine husema kumpika ni elimu ya mabingwa. Wengine hupima heshima ya baba kwa ukubwa wa ndege. Na wengine husema kazi yote ni ya mama. Twataka kuyajibu maneno hayo manne, moja moja.

1. «Ni ndege wa Wazungu»

Si kweli. Bata mzinga ni ndege wa Amerika. Wenyeji wa Meksiko walimfuga tangu miaka ipatayo 2000 iliyopita, zamani sana kabla Mzungu hajakanyaga pwani yao. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Watu wa huko hawakujua vema alikotoka, basi kila taifa likamsingizia mwingine. Waingereza walimpa jina la nchi ya Uturuki. Wafaransa walimwita dinde, yaani wa Hindi. Wareno walimpa jina la nchi ya Peru. Na sisi Waswahili tumemwita bata, naye si bata hata kidogo! Jina halionyeshi kwao kwa mtu, wala kwao kwa ndege.

Tena twauliza: bugali wa mahindi ulitoka wapi? Mahindi yalitoka Amerika. Mihogo ilitoka Amerika, na sombe yake pamoja nayo. Karanga vilevile, nyanya vilevile, hata pilipili yetu tunayojivunia. Yule baba aliyesema «ni wa Wazungu» alikuwa na bugali mkononi na pilipili mdomoni. Kama angalitupa kila kilichovuka bahari ile, sahani yake ingalibaki tupu.

Lakini twawaambia na wale wa upande wa pili, wanaodhani kwamba pasipo bata mzinga hakuna sikukuu. Nao wamekosa. Sikukuu hiyo husimuliwa kwamba ilianza Plymouth mwaka wa 1621. Barua ya Edward Winslow, aliyekuwapo, yataja ndege waliowindwa, na paa watano walioletwa na Wawampanoag, wenyeji wa nchi. Bata mzinga hamtaji kwa jina. Baadaye mama mmoja mhariri wa gazeti, Sarah Josepha Hale, aliwasihi wakubwa miaka mingi waifanye kuwa sikukuu ya taifa zima. Abraham Lincoln aliitangaza mwaka wa 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 1941 sheria ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne. Katika sheria hiyo hakuna amri ya kula ndege fulani. Aliye na kuku na ale kuku. Aliye na samaki na ashukuru kwa samaki. Ila aliyepewa nyama nzuri akaitupa kwa sababu hakuuliza jinsi ya kuipika, huyo ameikosea shukrani yenyewe.

«Lakini hana ladha!» Nyama ya kifua ina mafuta machache, basi ikikaa motoni kupita kiasi hukauka kama ubao. Je, kuku wetu akisahauliwa motoni hakauki? Tulaumu moto. Wako pia wanaonong'ona kwamba nyama hiyo ina dawa ya kulaza watu, kwa kuwa jamaa yote husinzia baada ya kula. Chembe wanayoitaja, triptofani, imo pia katika kuku, kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawa. Usingizi ule ni wa sahani ya tatu.

2. «Kumpika ni kazi ya mabingwa»

Neno hili limewatisha mama wengi, nalo halina msingi. Kumwoka bata mzinga ni rahisi kuliko kupika sombe nzuri. Sombe yataka kutwanga, kuchemsha na kuangalia saa nyingi. Ndege huyu akitayarishwa vema hukaa ndani ya furu peke yake, nawe waketi na wageni. Hila, dawa wala maombi ya pekee havihitajiwi. Yahitajiwa siku tatu za kungoja, na chombo kidogo cha kupimia joto.

Kwanza, barafu. Hapa ndipo jamaa ile ilipoangukia. Ndege aliyegandishwa na atolewe mapema, akawekwe katika frigo mahali pa baridi ya kawaida, juu ya sinia, maji yake yasidondokee vyakula vingine. Hesabu ni hii: siku nzima kwa kila ratili 4 au 5, ndizo kama kilo 2. Wa ratili 15 ataka siku tatu mpaka nne. Kwa hiyo twashauri: mtoeni Jumapili, mkitoka Misa, Alhamisi atakuwa tayari. Asiachwe mezani usiku kucha. Nje hulegea na kupata joto ndani yake kungali barafu, na vijidudu viletavyo kuhara na homa huzaana upesi katika joto lile. Ukichelewa, mzamishe katika maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake usiopenya maji. Nusu saa kwa kila ratili, ukibadili maji kila nusu saa, kisha umpike papo hapo. Na ukijikuta asubuhi ya sikukuu yu mgumu bado, usilie: aweza kuokwa vivyo hivyo, ila kwa moto wa wastani, na kwa muda mara moja na nusu wa ule wa kawaida. Moto mkali haufupishi njia. Huunguza mlango tu.

Pili, kuosha. Twajua, mama zetu walitufundisha kuosha kila nyama, nasi twawaheshimu. Lakini maji yanayomrukia ndege mbichi huchukua vijidudu vyake na kuvitawanya juu ya sahani, juu ya mboga, hata juu ya kikombe cha mtoto. Joto la furu laviua vyote. Basi msimwoshe, mfuteni maji kwa karatasi safi, kisha oshe mikono yako, meza na kisu. Tia mkono tumboni na shingoni, kwa maana wauzaji huficha humo kifuko chenye maini, filigisi na shingo. Kitoe, ni mchuzi mzuri huo. Wengi wamemwoka ndege pamoja na kifuko chake!

Tatu, chumvi. Siku moja kabla, mpake chumvi laini pande zote na ndani ya tumbo: kijiko kidogo kimoja kwa kila ratili 3 hivi. Arudi katika frigo alale. Ila soma kwanza maandiko ya mfuko: wengine wamekwisha kutiwa maji ya chumvi kiwandani, na kuwaongezea ni kuwaharibu. Asubuhi mpake mafuta, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kama upakavyo kuku. Nani asema lazima awe na ladha ya nyumba ya jirani?

Nne, moto. Furu na iwe digri 325 za Fahrenheit, ndizo 163 za Celsius. Isiwe chini ya hapo. Ndege wa ratili 15 asiyejazwa kitu tumboni ataka karibu saa nne. Usifungue mlango kila dakika kumwagia mafuta; kila ukifungua, joto latoka na saa zaongezeka. Wali au mkate wa kujaza tumboni, upike katika sufuria yake mbali: tumbo lililojazwa huchelewa kuiva, na ugonjwa hupenda kukaa humo. Mwenye haraka na akate uti wa mgongo kwa mkasi mkubwa, ampasue na kumlaza sawa kama tufanyavyo kuku wa kuchoma. Kwa digri 450, ndege wa ratili 12 aweza kuiva kwa muda wa kama saa moja na nusu. Hilo ni fundi gani lisilojulikana kwetu?

Tano, kipimo. Usiamini rangi ya ngozi. Usiamini hata kidude cha plastiki wanachokichomeka kifuani, eti kitaruka nyama ikiiva. Nunua kipima-joto cha nyama. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya kilo 7 zilizotupwa. Kichome mahali penye nyama nene ya kifua, na ndani ya paja, na ndani ya bawa, kisiguse mfupa. Kikionyesha digri 165 za Fahrenheit, ndizo 74 za Celsius, mahali pote, ameiva. Mtoe, mwache apumzike dakika 20, maji yake yatulie ndani ya nyama, ndipo ukate. Ukipita sana digri hizo, usije ukatuandikia kwamba ndege hana ladha.

Sita, mabaki. Yatolewe mifupani, yawekwe katika frigo kabla ya saa mbili kupita, yaliwe katika siku tatu au nne. Mifupa na ichemshwe kwa mchuzi.

Neno moja zaidi, nalo ni zito. Vijana hupenda kumkaanga ndege mzima katika pipa la mafuta yachemkayo. Akiwa bado na barafu, barafu hiyo hugeuka mvuke mara moja, mafuta huruka, na nyumba huwaka. Marekani, hiyo Alhamisi ya Novemba ndiyo siku yenye mioto mingi ya majumbani itokanayo na upishi kuliko siku zote za mwaka. Msiende na umati huo.

Hayo ndiyo yote. Elimu ya mabingwa iko wapi? Mtoto wa darasa la sita aliyejua kusoma saa na digri angaliweza kumwokoa ndege wa jamaa ile.

3. «Heshima ya baba ni ukubwa wa ndege»

Hapa twasema kwa uchungu. Kipimo kinachotosha ni ratili moja kwa kila mlaji, pamoja na mifupa. Jamaa ya watu saba yataka ratili 7 au 8. Wakija wageni watano, ratili 12. Kwa nini basi kununua ratili 24? Kwa sababu jirani alinunua 20! Huyo si ndege tena, ni ngoma ya kupiga majirani wasikie.

Wauzaji wanajua udhaifu wetu. Mwezi wa Novemba magazini makubwa huuza bata mzinga wa barafu kwa bei ndogo sana, mara nyingine hata kwa hasara, kusudi mnunuzi aingie. Kisha faida huipata kwa vinywaji, keki na mapambo. Mwenye busara humnunua ndege wa bei ndogo na kutoka mlangoni. Mpumbavu humnunua ndege na kutoka na gari zima.

Tena jihadharini na maandiko. Mfuko mmoja husema «hakupewa homoni», na bei yapanda. Lakini sheria ya Marekani yakataza homoni kwa ndege wote wa kufugwa. Wauzwa sifa ambayo kila ndege anayo. Mwingine husema «fresh», yaani hakushuka chini ya digri 26 za Fahrenheit. Maana yake hakugandishwa kabisa, wala si kwamba ni bora kuliko wa barafu. Wengine hubishana juu ya jike na dume. Dume ni mkubwa, jike ni mdogo, basi. Ulaini wa nyama hutoka katika umri, na hao wa dukani karibu wote ni wachanga.

Na kama ratili 8 ni nyingi bado, nunueni mapaja tu, au kifua tu. Nani atawashitaki? Mgeni anayehesabu ratili za ndege wako hakuja kwa ajili yako. Na fedha iliyobaki inayo kwao: yule mdogo aliyerudishwa shuleni.

4. «Ni kazi ya mama»

Neno la mwisho twaliweka kwa baba wa jamaa, na sisi wenyewe tumo. Tumesikia mashauri mengi juu ya ndege huyu, na karibu yote huelekezwa kwa mama. Baba hualika watu ishirini pasipo kumwuliza mwenye jiko. Baba hukaa mbele ya mpira. Na nyama ikiungua, baba ndiye hakimu. Je, hiyo ndiyo siku ya shukrani? Anayestahili shukrani kwanza yuko wapi? Yuko jikoni, anatokwa na jasho.

Baba aliyesema «mtupeni», yeye alikuwa wapi Jumapili, ndege alipopaswa kutolewa katika barafu? Alikuwa nyumbani. Frigo ilikuwa hatua nne kutoka kiti chake. Hakumsaidia mke wake kwa neno wala kwa mkono, kisha akamhukumu mbele ya wageni. Sisi twaona huyo ndiye aliyeiharibu sikukuu, wala si mama, wala si ndege.

Basi kazi na igawanywe. Baba amtoe ndege Jumapili, na maji ya kubadili yawe yake. Kijana asome kipima-joto. Binti apake viungo, na kaka yake aoshe sufuria naye. Mama asimamie, kisha aketi mezani mapema kama watu wengine, naye apewe kipande cha kwanza. Wazee wetu walisema: mkono mmoja haulei mwana. Hauoki bata mzinga pia.

Na sisi tulio huku? Noeli yaja, na wengine wetu wanafuga ndege huyu uani. Wengi hatuna furu. Si neno: mkate vipande, uvipike taratibu katika sufuria yenye kifuniko pamoja na vitunguu na nyanya, kifua kitolewe mapema, mapaja yaendelee. Kanuni ni zile zile: aive kabisa, asikaushwe, asipite kipimo cha jamaa wala cha mfuko.

Haya, ndugu zetu wa Marekani, mkisoma maneno haya msikasirike. Hatukuandika ili kuwacheka. Mwaka ujao, Jumapili ile kabla ya Alhamisi ya nne ya Novemba, mtu mmoja wa nyumbani mwenu na asimame, afungue frigo, amtoe ndege. Awe baba.